Loki ya Siti ya Muthomi

S.L.P. Mikinduri,
Meru.
Jumapili, 9 Februari 2025

Mpendwa ndugu yangu Rwamba,

Tumsifu Yesu Kristu. Muga sana, mtoto wa mama yangu. Naomba barua hii ikukute mzima huko Ujerumani, wewe na mkeo Winfred na watoto. Mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema kuinua wagonjwa hospitalini kunakumaliza. Jipake mafuta na ulale chali, usijifanye kijana. Na hiyo baridi yenu, vaa kofia. Wewe kichwa chako kilikuwa kinashika homa hata ukinyeshewa na manyunyu ya hapa.

Sisi tunapumua. Magoti yangu yananung'unika nikipanda kutoka mtoni, lakini bado nafika shambani kabla hawa wasichana wa siku hizi hawajamaliza kutafuta viatu. Mahindi hayakufanya vizuri, maharagwe yalifanya. Yule ng'ombe wangu mweusi amezaa ndama jike, na nikisema hakuna ndama mzuri kama huyu Mikinduri nzima sijisifu, njoo ujionee.

Naandika kwa mkono kwa sababu kwa simu nimejaribu. Nikifika pale penyewe sauti inakatika, nawe unafikiri ni mtandao. Sio mtandao, Rwamba. Habari yenyewe ni ya mpwa wako Muthomi.

Nimekusumbua sana na sifa za loki yake, na najua mara nyingine ulikuwa unaitikia tu huku unakula. Sasa soma vizuri. Gari kama ile Probox yake, siti ya nyuma inalazwa ili magunia ya miraa yaingie. Mzigo ukishuka, siti inasimamishwa watu wakae. Inashikwa na kindoano kinachouma chuma kilichotoka kwenye bodi ya gari. Ukiisukuma inalia ta! na wewe unajua imeshika. Kumbe mara nyingine kishikio kimerudi mahali pake na ndoano haijauma kitu. Kwa macho huwezi kujua.

Muthomi alitengeneza loki yenye kidirisha kidogo kwa juu. Ndoano ikiuma sawasawa unaona kijani, isipouma unaona nyekundu. Na akili yake yote iko hapa: ile rangi haisukumwi na kishikio. Inasukumwa na kile chuma chenyewe kinachoumwa. Kwa hivyo haiwezi kudanganya. Mimi niliyeishia darasa la saba nilielewa mara moja, na ningeweza kuwafundisha maprofesa.

Alitengeneza kwa sababu ya dada yake, Kananu. Hukuweza kuja mazishi, na siku zile watu walikuambia tu kwamba ni ajali ya barabarani. Haikuwa hivyo tu. Asubuhi ile Probox ilipeleka miraa Kangeta. Magunia yaliposhuka, siti ikasimamishwa, nyuma yake wakapakia viazi. Kananu alikuwa ametoka shuleni kufundisha, akaomba lifti, akakaa nyuma. Kiambi, mtoto wa shemeji yangu, ndiye alikuwa kwa usukani. Ng'ombe wa mtu akaingia barabarani, Kiambi akashika breki, gari likasimama vizuri kabisa bila kugusa ng'ombe. Siti ndiyo haikusimama. Ilikuja mbele na viazi vyote, ikambana binti yangu kwa siti ya dereva. Kiambi alitoka bila hata mkwaruzo.

Polisi waliandika ajali. Muthomi peke yake ndiye aliyeenda kuangalia ile ndoano. Baada ya hapo hakuongea tena mpaka loki ilipokwisha. Alichomelea, akakata, akatupa, akaanza tena, pale kwa gereji yake Kinoru. Ilipokubali, mwenye magari wa kwanza akaja, wa pili akaja, na nikamwona mwanangu anacheka tena. Ndipo mwalimu mmoja akamwambia aombe hataza, ili serikali iandike kwamba kitu hiki kilitoka kichwani mwake.

Hapo sasa, unamjua dada yako. Alipopewa karatasi yenye namba na mhuri nikadhani ndiyo hataza yenyewe! Nikatoa misa ya shukrani. Padre akanyunyizia loki maji ya baraka, tukasonga mukimo wa kulisha parokia, kwaya ikaimba mpaka nikachoka kusimama. Kumbe ile ilikuwa karatasi ya kusema tu kwamba ombi limepokelewa. Sokoni nikaitwa Mama Hataza, nami nikawa naitika. Gatwiri, yule jirani yangu muuza ndizi na sukuma wiki ambaye ulimi wake unaujua, alikuwa anapaza sauti kutoka mbali, “Mama Hataza, na wewe siku hizi unanunua sukuma wiki kama sisi?” Namjibu, “Nanunua ili usife njaa, Gatwiri.” Tulicheka sana siku zile.

Mwezi uliopita wakamwita Nairobi, kwa ofisi ya hataza. Mimi nikasema siachwi, mimi ndiye mama wa mvumbuzi. Nikavaa ile suti ya kijani uliyonitumia.

Aliyetupokea ni msichana wa Embu, Madam Kaari. Mtoto mzuri, ana adabu. Yeye anasema Kiembu, mimi Kimeru, tukaelewana, mpaka tukafika kwa maneno ya sheria tukarudi kwa Kiswahili. Alikuwa ameweka mezani karatasi mbili za hataza za watu wengine. Moja ni ya huko huko kwenu Ujerumani, ya siti ya gari yenye kidirisha cha rangi, lakini rangi inasukumwa na kishikio. Ya pili ni ya Ujapani, ya mlango wa nyuma wa lori, na huko kuna kipini kinachosukumwa na chuma kinachoumwa. Akasema loki ya Muthomi ni mpya, hakuna karatasi hata moja iliyo nayo nzima. Nikapiga makofi. Akaniambia, “Ngoja, mama.”

Akasema kitu kuwa kipya tu hakutoshi. Kwa hataza wanauliza pia, fundi wa kawaida wa kazi hiyo, akiwekewa hizi karatasi mbili mbele yake, si angeziunganisha tu afike pale pale? Na kwa maoni yao angefika. Kwa hivyo wanakusudia kukataa.

“Huyo fundi ni nani?” nikamuuliza. “Anaitwa nani? Gereji yake iko wapi?”

“Haitwi jina, mama. Ni mtu wa kufikiriwa tu.”

“Kwa hivyo hayuko.”

“Hayuko.”

“Mwanangu ameshindwa na mtu ambaye hayuko!”

Akacheka, maskini, akafunika mdomo. Akanieleza kwamba huyo fundi wao amesoma kila karatasi ya duniani ya kazi yake na hasahau chochote, ila hana wazo lake mwenyewe hata moja. Nikamwambia kwetu mtu kama huyo yuko, na anaitwa mjuaji, na tunaye mmoja kwa kamati ya maji. Tukacheka wote wawili. Nilipogeuka kumwangalia Muthomi, ndugu yangu, nikajuta kwamba nimecheka. Alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kuanguka.

Madam Kaari alimweleza kwa upole kwamba bado kuna njia. Kabla barua ya kukataa kabisa haijatoka anaweza kugeuza ombi lake achukue cheti kingine, kidogo, cha miaka michache. Hicho hakiulizi habari ya fundi wa kufikiriwa. Kinauliza tu kama kitu ni kipya na kama kinafanya kazi, na loki yake vyote inavyo. “Wengi huchukua hicho,” akamwambia, “na jina lako litaandikwa.” Muthomi akasema ahsante. Akauliza swali moja tu.

“Madam, ulisema ingekuwa wazi kwa fundi yeyote?”

“Kwa sheria, ndiyo,” akasema.

Tukapanda gari la kurudi Meru. Nilimnunulia mahindi ya kuchoma, akayashika mkononi mpaka yakapoa.

Tangu siku hiyo gereji imefungwa. Watu wanakuja na magari yao wanagonga mlango wa mabati wanarudi. Yeye amehamia hapa nyumbani, kwa chumba chake cha zamani. Anakula nikimkazia macho. Nilifikiri ni ile aibu ya kukataliwa, kwa hivyo nikawa nampa moyo kwa kuwatukana Wajapani. Nikamwambia hata sokoni wanamwonea huruma. Na ni kweli, siku niliporudi Gatwiri aliniuliza, “Mama Hataza, imefika?” Nikamwambia, “Imekataa kuja.” Gatwiri, Rwamba! Aliacha ndizi zake akanishika mkono na hakusema neno. Sijawahi kumwona amenyamaza.

Lakini haikuwa aibu. Juzi nilikuwa jikoni namenya ndizi za mchana, akaja akakaa kwa kigoda. Nikasema kwa vile amekuja mwenyewe basi leo tutazungumza habari ya kile cheti kidogo. Nikaanza. Akanikata.

“Mama, mimi ni fundi?”

“Wewe ni fundi kuliko wote.”

“Siku ile ya Kananu nilikuwa fundi?”

Sikumwelewa. Nikasema ndiyo, ulikuwa fundi.

“Kiambi hakusimamisha ile siti,” akasema. “Niliisimamisha mimi. Nilikuwa Kangeta asubuhi ile, nilisaidia kushusha magunia. Niliisukuma kwa mkono huu, ikalia, nikaipiga kofi, nikawaambia pakieni. Nilijiambia ni kitu ambacho mtu hangeweza kujua, ndiyo maana kinahitaji kuvumbuliwa. Sasa serikali imesoma dunia nzima na imesema kilikuwa wazi. Kama kilikuwa wazi kwa fundi yeyote, mama, mbona mimi sikukiona?”

Nikamwambia haraka, “Haikuwa wazi, haikuwa wazi hata kidogo.” Nilisema kabla hajamaliza. Akaniangalia kama mtu anayepokea chai asiyoitaka, kwa heshima tu. Akasema, “Ahsante, mama,” akainuka.

Ndugu yangu, nilikaa na kile kisu mkononi mpaka maji ya ndizi yakanikaukia vidoleni. Miaka yote hii nimekuwa nikimsifu kwa watu kwa ile loki, na kila nilipomsifu alikuwa anakumbuka mkono wake. Nilijaliwa watoto wawili. Mmoja yuko chini ya udongo, na huyu mwingine anamfuata akiwa anatembea.

Nimefikiri sana jinsi ya kumjibu. Madam Kaari alisema karatasi mbili mezani. Siku ile Kangeta Muthomi hakuwa na karatasi mezani. Hata meza hakuwa nayo. Alikuwa na gari, na magunia, na watu wanaomharakisha, na siti iliyolia kama kawaida. Huyo fundi wa kufikiriwa anakuja baada ya kila kitu, anaonyeshwa loki imekwisha kutengenezwa, halafu anasema, ah, hata mimi ningeweza. Lakini kabla Kananu hajafa, katika mafundi wote wa Kinoru, na Maua, na Embu mpaka huko Runyenjes, ni nani aliyekuwa ameifanya? Hakuna. Mimi naona hilo waziwazi, ila nikimwambia anasikia mama tu. Neno la mama kwake ni kama uji, yeye halikatai, nalo halimshibishi.

Ndiyo maana nakuomba umpigie wewe. Wewe ni mjomba wake, na unajua kwetu mpwa hawezi kulitupa neno la mjomba, hata harusi husimama mjomba akikohoa vibaya. Na kuna jambo lingine linalonifanya nikuchague wewe kuliko padre. Kananu alibeba jina la mama yetu. Tangu azaliwe ulikuwa unamwita mama, hata akiwa mchanga wa kubebwa, na yeye alikuwa anakuita mwanangu, anakugombeza usipovaa sweta. Katika ukoo huu wewe ndiwe mtoto aliyefiwa. Ukimwambia Muthomi kwamba humdai mama yako, ni nani mwingine atakayemdai?

Usianze na cheti. Kile kidogo nakitaka, sikufichi, nataka jina lake liandikwe mahali, na ukiona amelainika mwambie tarehe haijapita. Lakini kikipita, kipite. Mwambie kwanza haya mengine. Na umpigie asubuhi, maana akishakunywa chai anaenda kukaa kule kwa kaburi la Kananu, na kule simu haishiki.

Msalimie Winfred sana, na umwambie vitenge vilinifika. Wabusu watoto, wafundishe Kimeru hata maneno machache wasije wakanisalimia kwa ishara. Kiambi anakusalimu, yeye pia hajapona, lakini huyo angalau analia. Gatwiri anakusalimu na anauliza kama bado unaogopa bata. Salamu za Muthomi sikuletei, maana hajui kwamba ninaandika. Hizo utazichukua mwenyewe kutoka mdomoni mwake.

Mungu wa baba zetu akuzunguke mbele na nyuma, akutunzie mgongo, na aulainishe ulimi wako siku utakapopiga.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda tangu nilipokuwa nakubeba mgongoni,

Marcella Kajuju