Vidonge vya Magoti ya Mama

Mjukuu wangu Neema,

Huku Mkonze hatujambo. Babu yako amemaliza kupalilia. Umeuliza kwa nini vidonge vya magoti ulivyonitumia sijavigusa. Nangoja daktari avione.

Maduka ya dawa ya watu binafsi yalipofunguliwa Chang'ombe, nilimnunulia mama yangu vidonge vya baridi yabisi ya magoti, iliyomzuia kwenda shambani. Akarudi kulima, nami nikajisifu. Miezi ikapita, akaishiwa nguvu. Nilipombana akanong'ona, "Choo changu ni cheusi kama lami. Nilikuficha usije ukaninyang'anya dawa."

Hospitali walisema vidonge vimechubua utumbo, damu inavuja. Akaongezewa damu, akaachishwa vidonge, akapona, ila magoti yakarudi kumuuma. Tangu hapo, kila asubuhi nikishamwamkia shikamoo, alinieleza habari za choo chake bila aibu, nami nilimsikiliza mpaka mwisho.

Bibi yako akupendaye