Sanduku la Bunduki ya Babu

Grand Ruisseau, Maine
29 Juni

Mpendwa Shangazi Léonie,

Nimelifungua sanduku la bunduki ya Babu, na sijamwambia mtu yeyote isipokuwa wewe unayesoma sasa. Nisamehe kwa kulitanguliza hili kabla ya salamu. Nimeianza barua hii mara tatu kwa salamu, na kila mara nimejikuta naeleza habari za mvua hadi karatasi inaisha.

Basi shikamoo, Shangazi. Natumaini goti lako limepata nafuu na kwamba binamu Gérard hajambo huko kiwandani. Sisi ni wazima wa mwili. Viazi vimechipua vizuri upande wa mtoni, ila kule juu vimechelewa. Mama anakusalimu sana. Bado anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na kuna bibi mmoja huko, msahaulifu, anayemuuliza kila wiki kama Léonie ameshapata mume. Mimi nimemaliza shule. Nilipoitwa kuchukua cheti niliinama mno mpaka kofia ikaanguka, watu wakacheka, lakini hawakucheka kwa ubaya. Asante kwa kadi yako.

Wiki hii utapata barua mbili zenye mwandiko wangu. Ile nyingine Baba ndiye aliyeniagiza, nayo inakubali kwamba Gérard aje Novemba kuwinda kulungu kwa bunduki ya Babu, kama ulivyoomba. Tafadhali usiifuate ile. Ifuate hii.

Nadhani ulisikia habari za muswada wa kupiga marufuku bunduki zinazojipakia risasi zenyewe. Ya Babu ni ya aina hiyo, ingawa ni ya zamani kuliko Baba. Mwenye nayo tayari angeruhusiwa kubaki nayo, ila angetakiwa kuipeleka kwa sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya, kabla ya Desemba, ionekane kwa macho na namba yake iandikwe. Hapo ndipo watu wa huku walipowaka. Kwenye mkutano wa klabu ya wawindaji, Normand mwenye duka alisema hajawahi kumwonyesha mtu wa serikali hata meno yake, sembuse bunduki. Mzee Lucien akasema kama wale wa makao makuu wana hamu ya kuhesabu, waje mwezi wa sita wahesabu mbu wetu.

Kisha Baba akasimama na kusema kwamba yuko tayari kuwa mwenyekiti wa kupinga. Unamjua kaka yako. Watu waligeuka kama vile jiko limesema. Normand akamwambia, "Euclide, tangu Krismasi umesema maneno sita, na mawili yalikuwa 'nipe chumvi'." Baba akajibu kwamba basi ana akiba ya kutosha. Wakacheka, wakamchagua.

Shangazi, nilifurahi. Tangu kaka yangu Rémi atutoke, miaka miwili sasa, Baba alikuwa akirudi kutoka shambani, anakaa dirishani bila kuvua viatu mpaka chakula kinapoa. Sasa alizunguka nyumba kwa nyumba kutafuta saini. Alikodi basi la shule. Aliwataka wote wavae vizibao vya kuwindia, vile vya rangi ya chungwa, ili wabunge watuone tangu mlangoni. Alianza tena kula chapati tano za ploye asubuhi. Mama alimtazama akila, na siku ile aliimba akiosha vyombo.

Akaniomba nimwandikie maneno ya kusoma mbele ya kamati ya wabunge. Kila mtu hupewa dakika tatu. Nilitaka yawe sahihi. Niliandika kwamba bunduki ya baba yake imo kabatini mwetu hadi leo, na nikaona itapendeza nikitaja mwaka ilipotengenezwa, ambao umechongwa kwenye chuma karibu na namba. Ilikuwa Jumamosi, Baba yuko klabu na Mama yuko kazini. Ufunguo bado unakaa chini ya sanamu ya Mtakatifu Anna.

Ndani ya sanduku hamkuwa na bunduki. Kulikuwa na kipande cha mti wa meple, kimechongwa chembamba huku na kinene kule, kimeviringishwa katika kizibao cha Rémi. Nilikinyanyua. Uzito ulikuwa uleule. Mama hulihamisha sanduku hilo kila wiki anapofuta vumbi, na hajawahi kulifungua, na mtu aliyekichonga kile kipande alilifikiria hilo.

Niliketi sakafuni nikakumbuka siku moja ya Januari, majira ya baridi ya kwanza bila Rémi. Baba alirudi kutoka ziwani na keke ya kutobolea barafu begani. Mama alimuuliza samaki wako wapi. Akasema hawakutaka kula. Wewe mwenyewe unajua Baba hajawahi kupenda kuvua. Nadhani bunduki ya Babu ilipita kwenye tundu lile la barafu, na sasa iko chini ya ziwa.

Nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Yale maneno ya kabatini sikuyafuta, kwa sababu Baba alikuwa ameshayaona, na ningeyafuta angeniuliza kwa nini.

Siku ya kikao tuliondoka alfajiri, watu arobaini na wawili. Kwenye basi walitaniana njia nzima. Normand alisema tukikaa wote upande mmoja wa ukumbi wabunge watadhani jua limechomoza. Ukumbi ulijaa, nikakosa nafasi kwetu, nikakaa mstari wa mbele yao karibu na mama mmoja mwenye sweta ya kijani. Alikuwa upande wa pili, yaani wa kuutaka muswada. Alinipa peremende bila kuniuliza niko upande gani, ingawa kizibao changu kilionekana.

Jina lake lilipoitwa alisimama akasema mwanawe alijiua kwa bunduki ya baba yake. Alilisema wazi hivyo, kisha akataja jina la mtoto na umri wake. Kumi na tisa, kama Rémi. Nyuma yangu Lucien akanong'ona kwamba labda wangejifunza kufunga kabati. Nikamsikia Baba akimwambia, "Nyamaza, Lucien. Mwache mama aseme." Sijawahi kusikia sauti ile kwa Baba. Lucien alivua kofia yake.

Baba aliitwa wa tatu baada yake. Alianza kusoma vizuri. Alisoma habari za Babu, na za nyama ya kulungu iliyotulisha mwaka kiwanda cha karatasi kilipofungwa. Alipofika pale penye "imo kabatini mwetu hadi leo" akanyamaza. Mwenyekiti wa kamati alimwambia kwa upole kwamba bado ana dakika mbili. Baba aliikunja karatasi, akasema analima viazi, anaupinga muswada, na anampa pole yule mama. Akarudi kukaa. Watu wetu walidhani ni hasira imemkaba. Kwenye basi walimpigia makofi, naye alitazama nje njia nzima.

Mwezi Mei muswada ulianguka kwa kura chache. Klabu ilifukia masufuria ya maharage kwenye shimo la makaa yaive usiku kucha, na kesho yake wakasherehekea. Walimtafuta Baba atoe neno. Mimi ndiye niliyemkuta, nyuma ya jengo, akisugua masufuria ambayo hayakuwa machafu. Nilidhani yameisha. Sasa sherifu hatakuja kuuliza kwa nini bunduki ya Babu haijapelekwa, huku Mama amesimama pale akisubiri kusikia jibu. Nilitambua kwamba hilo ndilo lililomfanya Baba asimame siku ile klabuni.

Kisha barua yako ikafika. Ulikuwa na haki ya kuomba, Shangazi, ni bunduki ya baba yako pia. Mama alifurahi, akasema nyumba itachangamka. Baba aliisoma, akaiweka mfuko wa shati, na tangu hapo ameacha tena kula. Juzi nilikuwa dukani nikamsikia akimuuliza Normand kama anamjua mtu anayeuza moja ya aina ile, ya miaka ileile. Normand akamtania kwamba ameshinda vita sasa anataka jeshi. Baba alicheka kidogo. Anataka kununua ya kufanana nayo, Shangazi. Amesahau kwamba ulikuwa na miaka minane ulipochora L kwenye kitako cha ile ya Babu kwa msumari, ukachapwa. Wewe ungejua siku hiyohiyo.

Sasa inabidi nikuambie lile ambalo wewe hukuambiwa. Mliambiwa wote kwamba bunduki ile ya Babu ilifyatuka Rémi akiisafisha. Padre alilisema kanisani na Mama analishika hilo kama rozari. Siku ile nilisikia mlio nikakimbia, lakini Baba alifika kabla yangu. Nilisimama nje ya ghala nikachungulia kwenye ufa. Alikuwa ameshamfunika Rémi kwa koti lake. Kisha alikwenda kwenye rafu, akachukua kopo la mafuta na kitambaa, akavipanga juu ya meza. Alifungua kopo, akaweka kifuniko pembeni, kama mtu aliyekatizwa kazi. Akasimama akatazama. Akakisogeza kitambaa kidogo. Ndipo alipokwenda kupiga simu.

Rémi hakuwa akisafisha kitu, na Mama akijua bunduki ilitupwa kwa siri ataanza kuuliza kwa nini. Baba hajui kwamba niliona. Mimi nami sijui kama yeye anajua kwamba wiki ile Rémi aliniuliza, tukitoa maji kisimani, kama mtu akienda mbali sana watu humsahau. Nilidhani anazungumzia kuhamia kwenu Connecticut. Nikamwambia aache uvivu abebe ndoo yake.

Nakuomba jambo moja. Mwandikie Baba barua ya kawaida, yenye vichekesho vyako, useme Gérard amejinunulia bunduki mpya na anaringa nayo, hataki tena ya kizee. Au sema Novemba hana likizo. Utajua la kusema. Baba ataisoma kwa sauti mezani, na nitamwangalia kama atakula.

Usinijibu barua hii. Mama ndiye anayefungua sanduku la posta. Ukimaliza kusoma itie jikoni kwenye moto, na ukija kwetu ukilala kile chumba chenye kabati, uliache sanduku lilale lilivyo. Mama asijue, Baba asijue kwamba najua, hata Gérard usimwambie. Tubaki nalo wewe na mimi.

Nakubusu mashavu yote mawili.

Mpwa wako,
Ghislaine