Aliyetamka na Aliyechapa

Jumatatu, 10 Machi 2025. Jinja

Swali hili limenikaa tangu Januari: programu huwa ya aliyeitamka au ya aliyeichapa? Tulikuwa na kompyuta moja, yangu. Shakira, mwenzangu wa mradi chuoni, alitembea chumbani akitamka, mimi nikachapa. Nikikosea alinigonga bega: wee Mkenya, vidole vyako vimelala? Miaka miwili hivyo. Kila mstari ukahifadhiwa kwa jina langu. Kisha ugonjwa wa selimundu ukamchukua, wiki tatu kabla ya kuwasilisha mradi wetu. Nikauwasilisha peke yangu.

Hadi leo nikichapa, bega langu husubiri.

Alhamisi, 13 Machi. Mbale

Usaili. Kampuni ndogo, ghorofani, juu ya maduka ya jumla. Bwana Mafabi alikuwa ameisoma programu yetu ya kupanga foleni za kliniki, yote. Akagusa sehemu moja. Mtandao ukikatika, mbona inangoja sekunde arobaini, si tano? Nikajibu: umeme wa huku hurudi mara mbili, ule wa kwanza usiuamini. Akacheka. Huyu amekaa Uganda kweli, akamwambia mwenzake.

Maneno yale ni ya Shakira. Hata mahali nilipovuta pumzi palikuwa pake.

Akauliza kama niliandika mwenyewe. Nikasema ndiyo. Nadhani nilimaanisha kuchapa — au maana hiyo nimeipata baadaye, kwenye basi la kurudi. Sina hakika.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepata kazi. Barua ina sentensi ya kutiwa sahihi: kwamba kazi niliyoonyesha ni yangu peke yangu. Wanaitaka Jumatatu.

Jumapili, 16 Machi. Mpumudde

Nimekuja kwa mama yake Shakira, asije akasikia habari za kazi kwa wengine. Amenipa chai, amemshukuru Mungu kwa ajili yangu. Kisha: "Sasa mwanangu, fungua hiyo kitu mulitengeneza. Nionyeshe pahali jina yake iko."

Nimefungua. Mistari elfu nne, jina moja. Ameingia chumbani kutafuta miwani. Naandika haya nikimsikia akivuta droo.

Ningeweza kuliongeza sasa hivi. Herufi saba. Lakini kila badiliko huhifadhiwa na tarehe yake: ingeonekana limeandikwa leo, miezi miwili baada ya mazishi, kwa mkono wangu. Na nilitie wapi? Kuiita programu yote yake si kweli. Ipo mistari niliyoibishania mpaka akakubali. Mipi? Nimeipitia yote wiki nzima na siwezi kuitenganisha. Hatukuwahi kugawana, hatukuona sababu, na mtu pekee ambaye angenisahihisha ndiye huyo anayetafutwa humu. Sijui nitasaini nini kesho.

Droo imefungwa. Anauliza kutoka mlangoni aanze kusoma wapi, juu ama chini.