Kupumzika Moja kwa Moja

2 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Usingizi je, umerudi? Sisi wazima, mimi na dada yako. Unasema kazini mmeletewa mwalimu wa kuwafundisha kukaa kimya na kutazama pumzi, ili mawazo yapungue. Pumzi inatazamwaje, mama? Au una pumu unanificha? Nimejaribu na mimi. Nikakaa, nikavuta, nikatoa. Wazo likaja, nikaliacha lipite kama ulivyoeleza. Kumbe ni wazo la sufuria jikoni! Moshi ulimleta jirani na ndoo ya maji. Cheka basi.

Najua simu huitaki, kutwa unapokea matusi ya wateja sikioni. Andika, hata mistari miwili.

Mama yako

9 Machi

Shikamoo mama,

Nimecheka, kidogo. Mwalimu ni mtu mwema, lakini nikifumba macho nasikia simu zinalia. Wenzangu wanatoka wepesi, mimi natoka natetemeka. Bosi anasema tumeshafundishwa, sasa visingizio basi. Nimechoka, mama. Nataka kupumzika tu, moja kwa moja.

Msalimie dada.

Mwanao

14 Machi

Mwanangu,

Salamu nimeziruka. Neno gani hilo umeniandikia? Kupumzika moja kwa moja? Si ndivyo tunavyosema kwa waliotangulia? Nimemwonyesha dada yako, akasema, "Mama nawe! Mtu kachoka, anataka likizo." Nikamwambia likizo ina siku ya kurudi. Nakupigia, simu imezimwa. Niambie nimekosea. Niite mshamba, nitukane kama hao wateja wako, mradi uniambie.

Mama

20 Machi

Mama, shikamoo.

Niliandika jibu la kukutania, nikalichana. Hukukosea.

Sijafanya kitu. Lakini hukukosea. Hakuna anayejua ila wewe. Dada usimwambie.

Mwanao

Mwanangu wee,

Tarehe siijui, nimesafiri usiku kucha. Karatasi hii naipitisha chini ya mlango wako kwa sababu nimegonga hufungui. Nimesikia kiti kikisogea, nikamshukuru Mungu.

Dada yako nimemwambia. Utaninunia, ninunie ukiwa hai. Nimekuja naye, yuko hapo chini anaulizia hospitali yenye daktari wa mambo haya, na tutakwenda wote watatu. Mwalimu wako simlaumu, ila kutazama pumzi peke yako chumbani, na hali hiyo, hapana. Njoo nikutazamie mimi. Ulipozaliwa nilikuwa naweka kiganja puani mwako nione kama inatoka, bibi yako akinicheka. Kazi hiyo naijua.

Sitakuuliza kitu. Sitalia, au nitalia kidogo. Fungua tu, mama. Nimebanwa mkojo tangu stendi, na kwa jirani siendi, nisije nikatoka hapa wewe ukafungua ukakuta hakuna mtu.

Mama yako, niko mlangoni