Perege Aliyepanda Mlima Akiwa Hai

Jumamosi, jioni. Manyunyu yamekatika sasa hivi na mtaa wetu wa Soweto wote unanukia udongo. Kitanda kimetulia palepale kilipo, ila mimi niliyelala juu yake bado naelea.

Ngoja nijisifu kwanza. Mimi nimekuwa utingo wa malori mpaka Lubumbashi, nimekula kila kinacholiwa na vingine visivyoliwa, na darasa la saba nililoishia halijawahi kunizuia kutengeneza kitu. Leo nimekuwa Mchaga wa kwanza kuvua samaki kwa kayaki yenye mota. Kama yupo mwingine, asijitokeze leo.

Sababu ni baba mkwe wangu, kule Marangu. Tangu daktari amkataze nyama nyekundu kwa ajili ya gauti na kumwambia ale samaki, mzee hali kabisa. Uji nusu kikombe, kisha anageukia ukutani. Shati lake la kanisani sasa ndilo linalomvaa yeye. Mke wangu amekuwa akipika huku anafuta macho, anasema ni moshi. Jiko letu ni la gesi.

Samaki mzee hataki hata kumsikia. "Nyoka wa majini huyo. Halafu mimi sili mnyama ambaye sikumwona akiwa hai."

Hilo la pili ndilo lililoninyima usingizi. Kwa mzee, nyama ni mbuzi uliyemwona amesimama uani, akachinjwa, kila mtu akapewa fungu lake. Samaki wa sokoni amefika keshakufa, habari zake hazijulikani.

Basi aletwe mzima.

Kayaki, kile kimtumbwi chembamba cha mtu mmoja, niliipata kwa jamaa aliyekuwa anatembeza watalii, ya plastiki, rangi ya chungwa. Mota ni ndogo, ya umeme, inaning'inia nyuma. Bano la kuishikilia nimelichomelea kwa vyuma vya kitanda kibovu, na chini ya kila bolti nimebana kipande cha ndala ili maji yasipenye. Ufundi huo haufundishwi chuoni. Tatizo ni kwamba betri ya gari nayo niliifunga nyuma, karibu na mota. Asubuhi, bwawani Nyumba ya Mungu, nilipokaa tu pua ya chombo ikanyanyuka kama jogoo anayemeza maji.

Wavuvi walikufa kwa kicheko.

"Mangi! Hilo hori umelitoa zizini asubuhi hii?"

"Na majani ya ng'ombe umeyasahau!"

Niliwajibu kwamba Ulaya wote wanavua hivi. Ulaya sijafika. Nikahamishia betri mbele ya miguu, nikaikaza kwa mpira wa baiskeli, nikafunga vizuri jaketi la kuokolea, maana mimi kuogelea kwangu ni kwenye mvua. Chombo kikalala sawa. Mota ikanong'ona mpaka ufuo ukawa mstari tu.

Kisha nikaizima.

Hapa sijui niandikeje. Mlima wote ulikuwa ndani ya maji, kichwa chini, theluji yake karibu na kidole changu. Nikatupa ndoana nikajiona navua kileleni. Mahali fulani kwenye ule ubavu wa buluu kulikuwa na migomba ya mzee, na mzee mwenyewe amegeukia ukuta. Nikawaza kwamba nikivuta uzi taratibu, bila papara, atageuka.

Walikuja perege wawili, wanene. Ndoo, maji, pikapu ya rafiki. Himo tukasimama nikawabadilishia maji kama watoto wachanga.

Mzee alikuwa kibarazani, ndani ya blanketi, kando yake mama mkwe na mke wangu, aliyetangulia tangu asubuhi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umebeba vituko gani tena?"

Nikaweka ndoo miguuni pake, nikamsimulia kayaki na mota yake. Aliinama, akatazama muda mrefu. Perege mmoja akapiga mkia, maji yakamruka mzee usoni. Mke wangu akaziba mdomo.

Mzee akajifuta. "Huyu ana nguvu," akasema.

Niliwapika mwenyewe: chumvi, ndimu, tangawizi, nikawakaanga kidogo, nikawamalizia juu ya ndizi mshare zilizolainika. Nikatenga. Mzee hakugusa.

"Kidari chake kiko wapi?"

Kidari ni fungu la mkubwa wa nyumba. Nimezunguka nchi nyingi, swali hilo sikuwahi kuulizwa. Nikakata chini ya mapezi, pale kifuani penye mafuta, nikamwekea.

Akala.

Sisi wote tukajifanya tunaangalia migomba. Alipomaliza akaomba kisu, mara ya kwanza tangu augue, akaanza kugawa kama alivyokuwa akigawa mbuzi, anatuita mmoja mmoja kwa jina. Mama mkwe kichwa, mke wangu ubavu. Alipofika kwangu akasita, akanyanyua mkia.

"Wewe mwenye mashine, chukua mashine yako."

Nimeutafuna na miiba yake.

Sasa tumerudi kwetu, mke wangu yuko jikoni, anaimba. Leo ile gesi haina moshi. Betri nimeitia chaji kabla hata ya kuvua viatu, maana mzee akiamka kesho na njaa, mimi ni nani nimwambie bwawa limefungwa?