Maazimio Yangu kwa Mungu Yamesainiwa na Bosi

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia nikiwa nimejifungia kwenye chumba tunachotunzia karatasi na wino, naomba msaada wako kabla ya Jumatatu ya mwisho wa mwezi, kwa sababu siku hiyo natakiwa kuweka sahihi yangu chini ya uongo, na uongo wenyewe unahusu azimio langu la kuacha uongo.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na minne, karani wa masjala katika idara ya mita za maji, kazi yangu ni kupokea barua, kuzipa namba, kuzifungulia majalada na kuyatafuta majalada yanapopotea. Nina miezi mitano kazini, bado niko kwenye majaribio, na mwisho wa mwezi huu mkuu wa idara, ambaye wote tunamwita bosi, ndiye atakayeamua kama nathibitishwa au naaga. Nimekulia kanisani, lakini ni mwaka huu tu nilipogundua kwamba Mungu namjua kama ninavyowajua wakubwa wa makao makuu, yaani kwa cheo na kwa kumwogopa, nikatamani kumkaribia. Mchungaji wetu alituagiza kila mtu ayaandike maazimio yake kwa uzito uleule anaoandikia mambo ya kazini. Nilimtii kupita kiasi.

Chuoni tulifundishwa kwamba waraka wa ofisi hauna neno "mimi" ndani yake. Basi Alhamisi moja saa ya chakula nikakaa mezani kwangu nikayachapa maazimio yangu kwa namna pekee ninayoijua, kumbukumbu namba juu kulia, chini yake YAH: KUMKARIBIA MUNGU, kisha "Inaelekezwa kwamba mhusika", na mhusika ni mimi, aamke kila siku saa kumi na moja alfajiri kuomba, asome sura tatu za Maandiko kabla ya kufungua jalada lolote, afunge kila Jumatano hadi saa kumi jioni, aache uongo wa kila aina ukiwemo ule wa kusema yuko njiani, na la tano, amwombe shangazi yake msamaha uso kwa uso. Nafasi ya jina la mtoa agizo niliiacha wazi, maana sikuwa na hakika kama anayeagiza ni mimi au ni Mungu. Nikaenda kunawa mikono.

Niliporudi meza ilikuwa tupu. Katibu muhtasi alikuwa amepita kukusanya karatasi za kusainiwa, na bosi husaini Alhamisi akiwa amesimama, koti mwilini, funguo za gari mkononi, huku katibu muhtasi akimshikia kila karatasi kwenye kona na kumwonyesha kwa kidole pa kuandika. Nafasi niliyoiacha wazi aliijaza bosi. Saa kumi waraka ulikuwa kwenye ubao wa matangazo, una muhuri, na nakala imekwishatumwa makao makuu.

Utaniuliza kwa nini sikusema palepale. Nilikwenda, mshauri, nilifika hadi mlangoni kwa bosi asubuhi iliyofuata, lakini nikamkuta katibu muhtasi kanitangulia, ameushika waraka anamuuliza, "Bosi, hili la kufunga Jumatano ni la kwetu kweli?" Bosi akaitazama sahihi yake kwa muda mrefu sana, kama mtu anayemtambua ndugu yake mochwari, kisha akasema, "Ni la kwetu. Una swali?" Hakuna aliyekuwa na swali, nami nikarudi masjala.

Hapa lazima nikueleze habari ya shangazi. Ni dada mkubwa wa marehemu baba, naishi kwake tangu nikiwa darasa la tatu. Miezi minne iliyopita ilikuwa zamu yangu kuongoza maombi kwenye kikundi chetu kanisani, nikafumba macho nikaomba mbele ya watu kama arobaini kwamba Bwana amponye shangazi yangu ulimi, amwondolee roho ya kuchungulia vyumba vya watu, na amfundishe kunyamaza. Nilidhani yuko nyumbani. Nilipofumbua macho alikuwa amekaa mstari wa tatu, ameniletea mwavuli niliousahau. Tangu siku hiyo huniambia maneno mawili tu, "Chakula kipo," na chumbani kwangu haingii hata kufagia. Maombi yangu yalijibiwa yote matatu, nami nakula nikiwa nimeinamisha kichwa kama mtuhumiwa.

Sasa sikiliza yaliyotokea ofisini. Siku hizi hakuna jalada linalofunguliwa kabla ya saa nne, kwa sababu watu wanamalizia sura ya tatu, na wateja wanaokuja kulalamikia mita zao wanasubiri kwenye benchi wakisomewa kwa sauti. Bwana stoo, ambaye ni Mwislamu, aliandika dokezo kuuliza kama sura tatu za kitabu chake zitahesabika, bosi akaandika pembeni, "Zihesabike." Mama wa kantini Jumatano hapiki, anakaa mlangoni amekunja mikono akitutazama tunavyopita. Na tangu uongo upigwe marufuku simu imekuwa balaa. Nilimsikia fundi mmoja akimwambia mteja, "Hapana mama, siko njiani, niko kitandani, na wala sikusudii kuja leo." Mwingine alimwambia mzee wa watu kwamba jalada lake halijapotea, tumeliweka chini ya birika la chai tangu mwaka juzi.

Lakini lililotushinda ni la tano. Waraka ulisema "shangazi yake", basi kila mtu akaenda kumtafuta wa kwake. Katibu muhtasi akatengeneza Fomu ya Shangazi yenye nakala tatu, na mahali pa sahihi ya shangazi. Dereva ana mashangazi saba, akaomba ruhusa ya siku tano na gari, akapewa. Alirudi akatusimulia alivyopokelewa kwa yule wa kwanza.

"Nikamwambia, shangazi, nimeagizwa na ofisi nije nikuombe msamaha. Akaniuliza, wa nini? Nikamwambia waraka haukutaja."

"Akasemaje?" tukamuuliza.

"Alinikazia macho, akasema, kumbe kuna jambo. Akaanza kulia. Mpaka sasa familia nzima inachunguza nilifanya nini."

Jumanne iliyopita benchi la wateja lilikuwa na mashangazi kumi na mmoja, wote wamekuja kudai waambiwe walikosewa nini. Bosi, ambaye mashangazi zake wote wametangulia mbele ya haki, alitangaza kwamba yeye atamtumia mama wa kantini, na mama wa kantini akakataa kusaini mpaka aambiwe Jumatano zake zitarudi lini.

Ningeweza kuvumilia haya yote, ila makao makuu wameupenda waraka. Wameandika kumpongeza bosi kwa ubunifu, wakaomba taarifa ya utekelezaji. Bosi akasimama mbele ya kikao akasema kwamba maneno yale aliyaandika kwa machozi, akiwa amepiga magoti. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga zaidi ya wote, kwa hofu. Kisha akaniita ofisini kwake, akaniambia, "Kijana, wewe ndiye mwenye fomu. Taarifa iwe mezani Jumatatu. Watumishi sitini na wawili, waliotekeleza sitini na wawili, uandike 'imeandaliwa na', uweke sahihi. Mambo yako ya kuthibitishwa tutayamaliza hapohapo."

Nimezipanga fomu zote. Ziko sitini na moja, hata ya bosi ambayo mama wa kantini hajaisaini. Isiyokuwepo ni ya kwangu.

Juzi shangazi alikuwa jikoni anachambua maharage, akaniambia bila kuinua macho, na ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote kwa miezi minne, "Nasikia kazini kwenu watu wanawaomba mashangazi zao msamaha."

Nikasema, "Ndiyo, shangazi."

Akasema, "Ni ofisi nzuri." Akaendelea kuchambua.

Mshauri, nikisaini taarifa nitakuwa nimemdanganya Mungu kwa karatasi niliyomwandikia mwenyewe. Nisiposaini nitaulizwa sababu, na nikieleza sababu nitamvua nguo bosi aliyeshika kalamu ya maisha yangu. Nimefikiria kuandika sitini na wawili na kutubu Jumatatu hiyohiyo jioni. Nimefikiria pia kuugua. Nifanye nini? Naomba usilitaje jina langu wala la idara.

Ni mimi, karani mwenye hofu.

*

Mwanangu karani,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikicheka hadi watu wa chumba cha pili wakaja kuniangalia, mara ya pili nikiishia kwa yule mama na maharage yake. Pole. Unaogopa, na hofu yako naielewa. Kijana aliye kwenye majaribio humwona bosi mkubwa kuliko alivyo. Lakini tusidanganyane, maana nasikia kwenu imepigwa marufuku.

Shida yako haikuanza siku karatasi ilipochukuliwa mezani. Ilianza ulipoketi kuandika jambo la moyo wako ukaliondoa jina lako. "Mhusika aombe msamaha." Mhusika ni nani? Ungeandika "mimi nilimdhalilisha shangazi aliyenilea", karatasi hiyo hata ingesombwa na mafuriko, bosi asingeweza kuisaini. Na kanisani ulifanya hivyohivyo. Ulikuwa unamsengenya mtu mzima mbele ya watu arobaini, ukafumba macho ili yaonekane ni maombi. Mimi ningekuwa nimeketi pale mstari wa tatu, ule mwavuli ungepata matumizi mengine.

Umeniuliza mengi kuhusu bosi, na kuhusu shangazi hukuniuliza kitu. Hilo nalo nimeliona.

Basi tufuate utaratibu. Leo, ukimaliza kusoma hapa, nenda kwa shangazi yako. Usichukue fomu. Usianze na "kama nilikukosea", kwa sababu ulimkosea, na mnajua nyote wawili. Usijitolee kumwombea, tafadhali sana. Mwambie ulisema nini, mbele ya nani, na kwamba lilikuwa kosa. Kisha nyamaza, umwachie nafasi. Akikugombeza kwa saa nzima, keti. Umekaa miezi minne ukisikia "Chakula kipo" tu, kwa hiyo ana akiba. Na kwa kuwa ulimtukana mbele ya watu arobaini, omba nafasi kwenye kikundi kesho, usimame mbele ya walewale, macho wazi safari hii, uyarudishe maneno yako.

Halafu lile wazo lako la kusaini kwanza na kutubu jioni, litupe. Mtu anayepanga saa ya toba kabla ya kosa huyo hatubu, anaweka ratiba. Na kuugua nako ni uongo, hata ukijifunika blanketi.

Hayo maazimio matano yapunguze. Mungu hakukuomba taarifa ya utekelezaji. Alfajiri amka kama unaweza, useme naye kwa maneno yako, na utumie "mimi" mara nyingi uwezavyo. Hilo moja likikaa sawa, mengine mtazungumza.

Sasa bosi. Hata ukiwa umeshapatana na shangazi na fomu zimetimia sitini na mbili, bado huwezi kuandika kwamba waraka ni wake, wala kwamba dereva aliyeomba msamaha asiojua wa nini ametekeleza chochote. Jumatatu fika mapema, kabla ya katibu muhtasi. Chukua nakala ya ule waraka. Usimwambie mtu mwingine, wala usiseme kwenye kikao, maana hukutumwa kumwaibisha. Mwambie, "Bosi, waraka ule niliuandika mimi, kwa ajili yangu, ukachukuliwa kwa bahati mbaya. Nilipaswa kukwambia siku ya pili, nikaogopa." Taarifa mwandikie ya kweli: nani alifanya nini, mashangazi wangapi walikuja kulalamika, wateja wangapi walisubiri hadi saa nne. Akitaka kuipeleka makao makuu ikiwa na sitini na wawili, aipeleke kwa sahihi yake. Yako isiwemo.

Huenda asikuthibitishe. Sitakupamba kwa maneno matamu. Watu wamepoteza kazi kwa madogo kuliko hayo, na ukirudi nyumbani bila kazi utarudi kwa shangazi, ndiyo maana nimekutanguliza kwake. Lakini usisahau jambo moja ambalo hofu imekuficha. Mwanamume huyo amejua tangu ile asubuhi ya kwanza kwamba hakuandika kitu. Amesimama mbele ya watu akasingizia magoti yake mwenyewe. Wewe unaogopa kumwambia habari ambayo anayo tayari, na ambayo hana wa kumweleza.

Kwa hiyo ingia, na kabla hujaanza kusema, geuka ufunge mlango.