Folda ya Juu na Folda ya Chini

Dar es Salaam, 2 Februari 2025

Dada Asteria,

Shikamoo. Habari za Mamba, na kifua chako? Mimi mzima. Naandika kwa karatasi maana ujumbe wa simu unausoma nusu.

Nimepewa kazi ya kupanga upya ile programu inayowatumia wakulima wa huko ujumbe wa zamu za maji. Dada, ni uchafu. Folda mia tatu na kitu, zimerundikwa kama stoo ya marehemu bibi, jembe juu ya unga. Leo nimekuta mbili, moja imeandikwa ya juu, nyingine ya chini, ndani zinafanana kama mapacha. Nimeziunganisha. Bosi kanisifu mbele ya watu.

Msalimie kaka Anderson.

Mdogo wako,
Elinaza

Mamba, 6 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Kifua kinaendelea. Kaka yako mzima, na hasira zake nazo nzima.

Kompyuta siijui, lakini hiyo ya juu na ya chini imeninyima raha. Mashamba ya juu hufungulia ndiva Jumanne, ya chini Alhamisi, tangu babu zetu walipolichimba bwawa hilo. Wewe umeoga humo. Umezichanganyaje bila kumuuliza mzee Tumainieli anayetunza mlango wa maji? Kuuliza si ujinga. Zitenganishe kabla ya Jumanne.

Dada yako,
Asteria

Mamba, 12 Februari

Elinaza,

Leo sina salamu. Barua yangu hukujibu.

Jana alfajiri simu zililia Mamba nzima: zamu yako ni leo. Wa juu, wa chini, wote. Anderson alimkuta Bahati, mwana wa Honorata wa mashamba ya chini, ameshaanza kufungua. Wakaonyeshana simu, wakaitana wezi. Bahati akampiga chepe la uso, meno mawili yakaruka. Anderson akachomoa panga. La kwanza begani, la pili shingoni. Waliofika nyuma yao wakapigana majembe palepale, na maji yaliyoshuka kwenye mashamba ya tangawizi yalikuwa mekundu. Bahati kafia kwenye bodaboda kabla ya kufika hospitali. Ndiye aliyesimamia harusi ya Anderson.

Kaka yako yuko mahabusu Same. Anasema Bahati aliiba maji. Honorata anasema mwanawe kauawa kwa zamu yake mwenyewe. Mimi najua ni zile folda zako. Umefanya nini, Elinaza?

Dada yako

Dar es Salaam, 15 Februari

Dada,

Shikamoo, ingawa sistahili uitikie.

Barua yako ya kunionya ilinifikia Jumamosi iliyopita. Niliisoma, nikacheka, nikasema dada anajua nini kuhusu folda. Hilo nitazikwa nalo.

Nimezitenganisha. Bosi anataka nikae kimya, lakini programu hutunza kumbukumbu ya kila folda iliyohamishwa: siku, saa, na nani. Nimeichapa kabla hawajaifuta. Jina langu lipo pale peke yake. Jumanne napanda kwanza kwa mama Honorata nimwambie kwa mdomo wangu, kisha nashuka polisi. Kaka asiubebe huu mzigo peke yake.

Mdogo wako

Same, 20 Februari

Mdogo wangu,

Pole. Nesi anasema umefumbua macho, ila hawaniruhusu kuingia.

Simu yako haikupatikana, nikatuma barua kwa gari la asubuhi kukuambia usipande, maana nilishamwambia Honorata ukweli na wanawe wawili walikuwa wananoa mapanga. Mkapishana njiani. Walikukuta darajani, ukaunyoosha mkono kuwapa karatasi wasome. Ndio huo walioukata. Walipotaka kurudia kichwani, Honorata alikulalia juu, akawaambia, "Mmoja ametosha."

Mkono madaktari hawakuweza kuurudisha. Karatasi niliiokota mimi. Ina damu upande mzima, lakini jina lako linasomeka, na tarehe. Nimeipeleka polisi. Afande kaisoma mara mbili, kisha akampa Anderson. Kaka yako alikaa sakafuni akamlilia Bahati kwa jina.

Leo Alhamisi ni zamu ya chini. Honorata kafungua maji mwenyewe, kwa jembe la mwanawe. Watu wa juu walisimama mbali.

Najua ulikuwa ukiandikia wa kulia. Nijibu kwa wa kushoto, hata neno moja.

Dada yako,
Asteria